Kujaa na Kupwa: Maji ya Tanganyika na Kumbukumbu ya Watu Wake

Utangulizi

Kuna msemo ambao karibu kila mtu mwenye kusema Kiswahili ameisha kuusikia: maji hujaa, maji hupwa. Tunautumia wakati mtu anapata feza kisha anafilisika, wakati mkubwa anapanda kisha anashuka, wakati mji unachangamka kisha unalala. Lakini sisi wa Kongo ya mashariki, tunapousema, mara nyingi hatujiulizi: ni maji gani hayo? Kwani msemo huu haukuzaliwa kwetu. Ulizaliwa kando ya bahari ya Hindi, mbali sana na Uvira, Fizi, Kalemie na Moba.

Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza, ziwa letu la Tanganyika nalo linajaa na kupwa, ila saa yake ni ndefu kuliko maisha ya mtu mmoja. La pili, kwa sababu saa hiyo ni ndefu, watu husahau. Na kusahau huko kunalipwa kwa nyumba, kwa shamba, na pengine kwa roho za watu. Hapo ndipo historia inakuwa si mambo ya vitabu tu, bali kazi ya kila mzazi.

1. Maneno yaliyokuja na misafara

Kule pwani ya Afrika ya mashariki, bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na karibu dakika 50. Ni mwezi ndio unaoivuta, na jua linasaidia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana: hayo wanaita bamvua. Kati ya siku hizo maji husogea kidogo tu, nayo wanayaita maji mafu. Unguja, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inaweza kufika mita 4. Neno lenyewe «pwani» linatokana na kupwa: ni mahali ambapo maji hurudi nyuma na kuacha mchanga.

Kwa mtu wa pwani, basi, kujaa na kupwa ni saa ya kazi. Maji yakipwa, watu wanashuka kutafuta pweza na makombe kwenye miamba. Maji yakijaa, chombo kinaingia bandarini. Mtoto wa miaka mitano anajua kwamba mchanga anaouchezea asubuhi utakuwa chini ya maji mchana. Hakuna anayejenga nyumba pale. Hana haja ya kukatazwa na serikali; bahari yenyewe inamkataza kila siku, mara mbili.

Maneno haya yalitufikia kwa miguu. Misafara ya Waarabu na Waswahili, pamoja na wapagazi Wanyamwezi, ilikuwa imeisha fika Ujiji wakati Waingereza Burton na Speke walipofika huko mwaka wa 1858. Hata kabla yao, mwaka wa 1856, wamisionari Rebmann na Erhardt waliokaa karibu na Mombasa walitangaza ramani yenye bahari moja kubwa sana katikati ya Afrika. Waliichora kwa kusikia habari za wafanya biashara. Kwa watu wa pwani, maji makubwa hivyo yasiyo na ng'ambo ya kuonekana vizuri yalikuwa bahari, basi. Na mpaka leo, mvuvi wa kwetu akishuka na mtumbwi wake usiku kutafuta ndagala na mukeke, unaweza kumsikia akisema anakwenda baharini.

Lakini neno lilipofika kwetu lilipoteza saa yake. Mwezi unavuta ziwa pia, ila kidogo sana; jicho haliwezi kuona. Hivyo kujaa na kupwa vikabaki msemo wa midomoni. Tulipokea methali, hatukupokea ile habari ya kila siku iliyoizaa.

Lakini ziwa lina mwendo wake.

2. Saa ya ziwa

Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha karibu mita 1 470. Duniani ni ziwa la Baikal peke yake linalolishinda kwa kina. Uso wake una karibu kilomita za mraba 32 900, na nchi nne zinaligawana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mito mingi inaingia humo: Ruzizi unaoleta maji ya Kivu, Malagarasi upande wa Tanzania, na vijito vingi vinavyoteremka milimani kwetu. Lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, nao ni mto Lukuga, pale Kalemie, unaopeleka maji Lualaba. Na hata huo Lukuga hautoi maji mengi. Sehemu kubwa sana ya maji ya ziwa inaondoka juu, kwa jua na upepo.

Msomaji aelewe vizuri hapo. Ziwa ni kama nyumba kubwa yenye milango mingi ya kuingilia na mlango mmoja mdogo wa kutokea. Kila mwaka maji hupanda tangu mvua zinapoanza, karibu na mwezi wa 11, mpaka mwezi wa 4 ao wa 5. Kisha hushuka kiangazi chote. Tofauti ya kawaida haifiki mita moja, na kila mvuvi anaijua. Lakini ikitokea miaka miwili ao mitatu ya mvua nyingi kufuatana, maji ya mwaka huu yanakuta maji ya mwaka uliopita hayajaondoka. Hapo ziwa linapanda juu ya ziwa. Na kushuka kwake kunadai miaka, pengine miaka makumi.

Huo ndio mwendo mrefu wa ziwa. Pwani mtu anauona mara mbili kwa siku. Kwetu mtu anaweza kuzaliwa, kuoa, kuzeeka na kuzikwa bila kuuona.

3. Mlango wa Lukuga

Kisa kikubwa kuliko vyote katika historia ya ziwa hili, kwa wakati tunaoujua kwa maandishi, kilitokea kati ya 1871 na 1894. Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji mwaka wa 1871, swali lililowasumbua wasafiri wa Ulaya lilikuwa hili: maji ya Tanganyika yanatokea wapi? Wote wawili walipanda mtumbwi mpaka kaskazini, wakakuta Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Swali likabaki.

Mwaka wa 1874 Mwingereza Cameron alifika kwenye Lukuga. Wenyeji walimwambia kwamba maji yale yanakwenda mpaka Lualaba. Aliingia kidogo, akazuiliwa na majani mazito yaliyofunga mto. Mwaka wa 1876 Stanley alizunguka ziwa lote, akafika pia Lukuga. Yeye alikuta mto umezibwa, maji hayaendi vizuri. Lakini aliona jambo lingine: ziwa lilikuwa linapanda. Kule Ujiji, miti mitatu ambayo mwaka wa 1871 ilikuwa sokoni, kwenye nchi kavu, sasa ilikuwa imesimama majini. Stanley akatabiri kwamba siku moja ziwa litajaa vya kutosha na kupasua kizuizi cha Lukuga.

Ndivyo ilivyokuwa. Karibu na mwaka wa 1878 maji yalifika juu kabisa, yakavunja ule mchanga na majani. Edward Hore, wa misioni ya London, alipotembelea Lukuga mwaka wa 1879, alikuta mto wenye nguvu unaotoka ziwani kwa kasi kuelekea magharibi. Kule Ulaya watu walikuwa wamebishana sana: Cameron anasema hivi, Stanley anasema vile, nani mwongo? Hakuna aliyekuwa mwongo. Kila mmoja alisema kweli ya mwaka wake. Wenyeji waliosema maji yanakwenda Lualaba, nao walisema kweli ya siku nyingi.

Baada ya mlango kufunguka, ziwa lilishuka karibu mita 10 kwa muda wa miaka 15 hivi. Tufanye hesabu ndogo: mita 10 juu ya kilomita za mraba 32 900 ni zaidi ya kilomita za ujazo 300 za maji. Yote yalipita kwenye kale kamlango ka Lukuga, yakaenda Lualaba na mwisho bahari ya Atlantiki, kule Banana. Sisi Wakongo tunayo nchi inayogusa ile bahari pia, kwa kipande kidogo cha Muanda. Na huko maji hujaa na kupwa kila siku kama Unguja.

Ziwa lilipopwa, liliacha nchi mpya. Bandari ya Ujiji ilibaki mbali na maji. Leo mtu akienda kutazama mnara wa ukumbusho wa Livingstone na Stanley, anashangaa kwamba ziwa haliko pale chini ya miguu yake. Wadachi walipoleta reli mwaka wa 1914, waliifikisha Kigoma, kwenye maji marefu, si Ujiji. Hivi mji mmoja ulilala na mwingine ukaamka, na sababu moja kubwa ni maji.

4. Maji ya watu

Katika miaka ile ile, wimbi lingine lilikuwa linapita juu ya nchi yetu. Misafara ilivuka ziwa, ikashukia Mtowa upande wetu, ikapanda kwenda Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Walitafuta pembe za ndovu, na walitafuta watu. Hatuwezi kusema habari ya Kiswahili kufika Kongo tukaficha minyororo. Vijiji vilichomwa, watu walivushwa ziwa wakiwa wamefungwa, na wengine hawakufika ng'ambo.

Hilo wimbi lilijaa kabisa mwaka wa 1887, wakati Tippu Tip alipofanywa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Kisha likapwa haraka. Vita kati ya Waarabu na askari wa Leopold II ilianza mwaka wa 1892 na kwisha mwaka wa 1894. Tazama miaka: ziwa lilipofika chini, kama mwaka wa 1894, na utawala wa misafara nao ulikuwa umefika chini. Hatusemi moja lilileta lingine. Ni mambo mawili mbalimbali. Lakini mzee aliyezaliwa mwaka wa 1850 kando ya ziwa aliona yote mawili kwa macho yake. Maji aliyoyaona yakikaribia mlango wa nyumba yake yaliondoka. Mabwana aliowaogopa waliondoka. Na mabwana wengine wakafika: ngome ya Albertville ilianzishwa na kapiteni Jacques mwisho wa mwaka wa 1891, kwa kupigana na biashara ya watumwa, na baadaye njo ikaleta kodi na kazi za nguvu.

Maji yakipwa huacha vitu mchangani. Misafara iliacha mpunga Maniema, miti ya miembe, dini ya Kiislamu Kasongo na pembeni yake, na hasa lugha. Lugha hiyo iliitwa zamani Kingwana, kwa jina la wangwana, watu waliojihesabu kuwa huru. Wamisionari wakaichukua kwa mafundisho, jeshi na makampuni ya Katanga wakaichukua kwa kazi. Waliotuletea waliondoka, yenyewe ikabaki. Leo tunaitumia kuoa, kulia matanga na kuandika kijitabu hiki. Kwa hiyo tusiseme kwamba kila kinacholetwa na maji kinarudi na maji.

Reli ilileta wimbi la tatu. Mwaka wa 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ziwani, na Kalemie ikawa mlango kati ya Kongo na bahari ya Hindi. Mji ukajaa watu wa kila kabila. Kisha, wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003, treni ilisimama, majani yakaota katikati ya reli, na mji ukapwa.

5. Mwaka wa 1964: maji iliyofunikwa na vita

Sasa tufike kwenye jambo linalotuuma. Tukiuliza wazee wa Uvira, Fizi ao Kalemie: mwaka wa 1964 kulitokea nini?, wote watajibu kwa sauti moja: ni wakati ya Mulele. Na ni kweli. Uvira iliingia mikononi mwa waasi mwezi wa 5 mwaka huo, Albertville mwezi wa 6. Watu walikimbilia milimani, wengine walivuka ziwa. Walikufa wengi.

Lakini mwaka huo huo, karibu na mwezi huo wa 5, Tanganyika lilikuwa limefika juu kuliko wakati wowote tangu kupwa kule kukubwa kwa karne ya 19. Mvua zilianza kunyesha bila kipimo mwaka wa 1961, na maziwa yote makubwa ya Afrika ya mashariki yalipanda, Viktoria pia. Mabandari yakaingia maji. Mashamba ya kando yakazama.

Ni wangapi kati yetu waliohadithiwa hayo na baba zao? Wachache sana. Mtu anayekimbia risasi hakumbuki alama ya maji kwenye ukuta. Aliporudi kijijini alikuta nyumba imeanguka, akasema: ni vita. Pengine ilikuwa vita, pengine ilikuwa ziwa. Alihesabu vyote pamoja. Hivyo maji ya 1964 ilifunikwa na damu ya 1964, na watoto wakarithi habari moja badala ya mbili.

Baadaye ziwa likashuka polepole, mwaka kwa mwaka, na kuacha tena mchanga mzuri, tambarare, karibu na mitumbwi. Watu wakajenga. Tangu vita ya 1996, watu wengi waliteremka kutoka milimani wakitafuta usalama mijini, na nafasi iliyobaki wazi ilikuwa ile ya kando ya maji. Parseli zikapimwa, zikauzwa, karatasi zikapigwa muhuri. Hatuwalaumu wale waliojenga. Mtu aliyekimbia na watoto wake hachagui. Lakini aliyeuza, je, hakujua? Tunaogopa kwamba mara nyingi hakujua kweli. Na hilo njo baya zaidi, kwa sababu mwongo unaweza kumshitaki, lakini kusahau kwa mji mzima utakushitaki kwa nani?

6. Maji yanarudi kwao

Mwisho wa mwaka wa 2019 bahari ya Hindi upande wa Afrika ilipata joto kuliko kawaida, na mvua kubwa zikaanguka Afrika ya mashariki na kwetu. Mwezi wa 4 wa 2020, mto Mulongwe ulifurika Uvira, makumi ya watu wakafa, maelfu wakabaki bila nyumba. Huo ulikuwa mto, si ziwa. Lakini ziwa lenyewe lilikuwa linapanda nyuma yake, bila kelele. Mwaka wa 2021 liliingia kwenye nyumba za kando. Likashuka kidogo, kisha mwaka wa 2024 likarudi na nguvu, likakaribia alama ya 1964. Bandari ya Kalundu, bandari ya Bujumbura, sehemu za chini za Kalemie, vijiji vya Fizi na Moba: kote maji ndani ya nyumba, makalasi ya masomo yamefungwa, vyoo vimezama, kipindupindu kinatafuta njia.

Tulisikia maneno mengi siku hizo. Wengine walisema ni laana. Wengine walisema ni watu wa mlimani wameharibu misitu. Na kweli, kukata miti na kulima miteremko kunaleta udongo mwingi mitoni. Wengine waliulaumu mlango wa Lukuga kwamba umejaa mchanga na majani. Na hilo pia si jambo la kuchekesha, kwani tumeona kazi ambayo mlango huo ulifanya mwaka wa 1878. Na joto la dunia linaongeza nguvu ya mvua. Yote hayo yachunguzwe na wenye elimu yake.

Lakini kuna neno moja ambalo hatukulisikia: kwamba ziwa limefika mahali palipokuwa pake. Mara nyingi tulisema «maji yametuvamia». Kwa kipimo cha miaka 60, ni sisi tuliokuwa tumelivamia ziwa wakati lilipokuwa limepwa. Kwa kipimo cha mwaka wa 1878, hata nyumba nyingi zilizobaki kavu mwaka wa 2024 zimejengwa kwenye sakafu ya ziwa.

Hitimisho

Tulianza na msemo, tumalize nao. Mtu wa pwani akisema maji hujaa na maji hupwa, anajifariji na kujionya kwa neno moja: shida itapita, na raha pia. Sisi tumechukua nusu tu. Tunapofika chini tunasema «itapwa»; tunapokaa kwenye mchanga mkavu hatusemi «itajaa».

Edward Hore, yule aliyeona Lukuga ikitoka kwa nguvu, aliweka alama ya kupimia maji kule Ujiji, na kwa ajili ya alama zile tunajua leo jinsi ziwa lilivyoshuka. Kazi hiyo haitaki makina wala feza nyingi. Inataka mti, rangi na mtu mwenye kufuatilia. Tunaomba basi kila parokia, kila msikiti, kila masomo ya kando ya ziwa iweke alama mahali ambapo maji ya 2024 yalifika, na kuandika mwaka wake ukutani. Tunaomba vijana wakae na wazee waliosalia, wenye kuzaliwa kabla ya 1955, wawaulize si habari ya Mulele peke yake, bali hii pia: maji ilifika wapi? Chini ya mwembe gani? Kwenye nyumba ya nani? Baada ya miaka kumi hatutakuwa na mtu wa kuuliza.

Ziwa litashuka tena. Mchanga utaonekana, mweupe, tambarare, wenye kupendeza, na mtu atafika na kamba ya kupima parseli. Siku hiyo mtoto ambaye leo yuko kalasi ya kwanza atakuwa na mvi. Tunataka awe na kitu cha kumwonyesha mnunuzi kwa kidole: tazama ukuta ule, soma mwaka ule, kisha ukate neno mwenyewe.